Onyo la dawa ya kupe lilivyokwama kwenye seva ya Kitale huku maduka yakiendelea kuuza

Wakuu, habari za mchana.

Naandika nikiwa Kitale, chai imeshapoa hapa mbele yangu. Kila namba mtakayosoma nimeihesabu mara mbili, na mahali sina hakika nitasema sina hakika. Majina ya watu nimebadilisha. Jina la kampuni msiniulize, bado nakula huko.

Kazi yangu ni kutunza mitambo ya ofisi za watu. Mteja wangu mmoja ni msambazaji wa dawa za mifugo hapa mjini. Anapelekea maduka ya agrovet ya Trans Nzoia na Bungoma.

Seva yao ya email niliiweka mimi, kwenye chumba cha nyuma, kati ya magunia ya chumvi ya ng'ombe na mlango wa choo. Kila mwisho wa mwezi inatuma ankara kwa maduka 1,312, na tangu niiweke hakuna mtu amewahi kulalamika kwamba zinachelewa.

Sasa nyinyi niambieni, ni nani hulalamika ankara ikichelewa? Hilo lilinipita kabisa.

Alhamisi saa tatu asubuhi meneja wao, Madam Nekesa, alinipigia nije haraka. Huyu ni mama wa kuongea kwa sauti ya sokoni. Siku hiyo alikuwa ananong'ona, na mlango wa ofisi yake umefungwa.

Juu ya meza kulikuwa na chupa ya dawa mpya ya kunyunyizia kupe. Akaigeuza, akaniwekea kidole kwenye kipimo. Mililita 20 kwa lita moja ya maji.

Inatakiwa kuwa mbili.

Sifuri moja imezidi pale kiwandani, na mzigo ulikuwa umetoka kwa lori tangu Jumatatu. Mkulima mmoja upande wa Cherangany alikuwa amenyunyiza jana yake. Ndama wake amekufa, na yeye mwenyewe amelazwa, mikono inatetemeka, mate yanamtoka.

Wakuu, mnajua vile watu wetu hunyunyiza. Hakuna glavu, hakuna kitu cha kufunika pua, na pampu ikivuja inavujia mgongoni. Jumamosi watoto wako nyumbani, na pampu huwa wanashika wao.

Tulikuwa na siku mbili.

Kwa nini email na si SMS? Nilimuuliza hivyo hivyo. Akaniuliza mimi nikipata SMS kutoka namba nisiyoijua, ati rudisha bidhaa, huwa nafanya nini. Huwa nafuta.

Kwa hivyo ikaamuliwa barua rasmi. Na huku kwetu barua rasmi ni muhuri. Karatasi bila muhuri ni porojo tu, hata iwe imeandikwa na nani.

Madam akaandika kurasa mbili kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, akatia sahihi, akagonga muhuri. Wa kwanza ukatoka hafifu, akagonga mwingine kando yake. Tukaskani kwa rangi, ubora wa juu kabisa, ndio wino wa buluu uonekane ni wino kweli. Tukaongeza na picha ya chupa.

Tena akataka kila duka liandikiwe kwa jina lake. Asije mtu kusema hakuandikiwa yeye.

Saa tano kamili nikabonyeza. Skrini ikaniandikia zimetumwa, zote 1,312. Nikaenda kula.

Nataka mjue nilikula vizuri. Nilimaliza sahani.

Saa tisa na nusu nilikuwa pale kaunta ya kampuni simu ya ofisi ikalia. Madam akaweka sauti ya nje. Alikuwa mzee Wekesa, mwenye duka Ndalu, mteja wa miaka mingi.

"Madam, ile dawa mpya ya kupe," akasema. "Niongezee katoni mbili. Hiyo kitu inaenda, bana."

Madam akamuuliza kama ameona email yetu ya asubuhi.

"Email gani?"

Madam akabaki akimwambia mzee atoe chupa zote kwenye rafu na awatafute aliowauzia. Mimi nikakimbilia chumba cha nyuma.

Nikafungua foleni ya seva, ile orodha ya barua zinazongoja kutoka. 1,107. Nikahesabu tena, 1,107. Tangu saa tano zilikuwa zimetoka 205 tu. Skrini haikuwa imedanganya sana. Mimi nilizitoa kwa kompyuta, seva ikazipokea, na zikakaa hapo hapo, kando ya choo.

Kosa la kwanza lilikuwa uzito. Ile skani ya muhuri ilikuwa megabaiti 11, na ikifungwa kwa email inafika karibu 15. Kwa sababu kila duka lina barua ya jina lake, hakuna nakala moja ya kugawa. Ni 15 mara 1,312. Laini ya ofisi ilikuwa inabeba gigabaiti karibu ishirini za wino wa buluu, wakati onyo lenyewe ni maneno kumi.

La pili ni seva za huko nje. Zikiona barua mamia, tena nzito, zinatoka sehemu moja kwa mpigo, zinashuku. Hazikatai. Zinasema rudi baadaye. Seva yangu ni mtiifu: inangoja dakika tano, inarudi, inaambiwa rudi baadaye, inangoja kumi, halafu ishirini, halafu arobaini. Hivyo unaweza kufika hata kesho kutwa bila mtu yeyote kukuambia hapana.

La tatu ni mimi. Nilishikwa na woga nikailazimisha foleni yote itoke tena kwa pamoja. Nikarudia. Nikarudia tena. Kila nikifanya hivyo, zile zilizokuwa zinapenya nazo zikaanza kuambiwa rudi baadaye.

Hapo ndipo nilimkumbuka dada yangu.

Dada Nanjala yuko Bokoli, ana ng'ombe watatu, na hununua dawa duka la pale sokoni, ambalo liko kwa orodha yetu. Tangu saa tatu asubuhi nilijua habari hii. Niliandikia maduka 1,312 na sikumpigia dada yangu wa tumbo moja.

Nikapiga. Mteja hapatikani. Nikapigia jirani yake. Huyo akapokea akiwa kwenye matanga Kimilili, watu wanaimba nyuma. Akasema walikuwa pamoja hapo, dada ametoka saa hiyo hiyo kurudi nyumbani, simu yake imeisha chaji. Jirani mwenyewe analala huko huko.

Namba ya mwenye duka la Bokoli kwenye kitabu chetu ilipokewa na mwanamke wa Busia, na hakufurahi.

Nikarudi kwa Madam. Nikamwambia nazuia foleni yote na natuma upya, maandishi matupu, bila skani.

"Barua bila muhuri ni nini, Wafula?" akasema. "Watadhani ni wakora."

Nimebishania bei za vitu vingi maishani, lakini sijawahi kubishania muhuri nikiwa na jasho namna ile. Nikamwambia tuache muhuri, tutumie simu yake. Akauliza simu yake ina nini. Nikamwambia tuweke namba yake mwenyewe, anayeshuku apige, asikie sauti yake. Sauti yake huku wanaijua kuliko huo muhuri.

Akataka angalau nembo. Nikakataa nembo. Akataka majina ya maduka. Hayo nikampa, hayana uzito.

Halafu nikauliza swali ambalo lilifaa kuulizwa asubuhi. Ni maduka mangapi yalipata mzigo huo mpya?

Kompyuta ikasema 214. Siku nzima tulikuwa tunasukuma barua kwa 1,312, na wenye chupa rafuni ni 214.

Nikaomba na kitabu cha dereva wa lori, kile cha mkono. Madam akaona napoteza wakati. Kitabu kikatoa 217. Nikahesabu tena, 217. Maduka matatu yalipewa mzigo njiani baada ya wengine kupunguza mzigo wao, na hayakuwahi kuingizwa kwa kompyuta. La mwisho kati ya hayo matatu lilikuwa la Bokoli.

Saa kumi na robo nikatuma. Mistari minne, kilobaiti moja hivi, kwa wale 217 kwanza, hamsini hamsini, napumzisha dakika chache katikati. Zikaanza kupenya. Kabla sijamaliza fungu la pili simu ya Madam ilikuwa inalia bila kukoma, na kila aliyepiga alianza kwa kuuliza kama ni yeye kweli. Kufikia saa kumi na mbili, 209 walikuwa wamepiga au wamejibu.

Watano zaidi tukawapata kwa simu. Mbali na hao kulikuwa na mzee Wekesa, ambaye tulishaongea naye. Mmoja alikuwa amefunga duka tangu wiki iliyopita.

Aliyebaki ni wa Bokoli. Email yake ilifunguliwa na mtu wa cyber, kibanda cha intaneti, wakati wa kusajili duka, na nywila alibaki nayo mtu wa cyber. Hata ningetuma nyepesi kama unyoya, hakuna mtu wa kuifungua.

Nilipiga simu ya dada hadi giza likaingia. Nikajiambia ametoka matangani, amechoka, hawezi kunyunyiza kesho. Nilijiambia hivyo kwa sababu nilitaka iwe hivyo.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi nilitoka Kitale na pikapu ya kampuni. Dereva ni Barasa, yule yule wa lori. Saa moja na nusu tuliingia boma la dada.

Ng'ombe wawili walikuwa wamefungwa kwenye mti wa mparachichi. Mtamba alikuwa amelala chini, anarusharusha miguu. Dada alikuwa anamfunga wa pili vizuri, pampu mgongoni, gauni limelowa kuanzia bega hadi kiuno.

"Weka hiyo pampu chini, dada."

"Wafula? Hata salamu?"

"Weka chini. Kipimo kimekosewa."

Akaitua polepole. Akanionyesha chupa, kidole kwenye maandishi. "Wewe si ndio uliniambia niache kukisia na kifuniko, nifuate karatasi? Nimefuata."

Nikaichukua chupa mkononi mwake.

Nikammwagia maji ya pipa, sabuni, nguo zote chini, mama wa boma la pili akamshikia leso. Akawa anasema yuko sawa, mikono tayari inatetemeka. Barasa aliendesha hadi hospitali Webuye kama mtu aliyeiba gari. Chupa nilibeba, daktari akaisoma na kuanza matibabu hapo hapo. Kama hamtakumbuka kitu kingine, kumbukeni kubeba chupa.

Alilazwa siku nne. Yuko mzima. Mtamba alikufa saa sita mchana ile Ijumaa. Alikuwa na mimba.

Mwenye duka la Bokoli alikuwa ameuza chupa sita. Barasa alizunguka nyumba zote sita siku hiyo hiyo. Tano zilikuwa bado hazijafunguliwa. Ya sita ni ya dada.

Nimejifunza nini? Foleni nilikuwa sijawahi kuiangalia kwa sababu mzigo wake haukuwahi kuwa wa haraka. Siku hizi naifungua kila asubuhi. Onyo ni maandishi matupu, muhuri utafuata nyuma na lori. Unatuma kwanza kwa waliobeba hatari, kwa mafungu madogo, na ukiambiwa rudi baadaye usigonge mlango kwa nguvu. Neno "imetumwa" kwenye skrini yako maana yake ni kwamba imetoka mkononi mwako, basi.

Na kabla ya kugusa kompyuta, pigia damu yako simu wakati bado ina chaji.

Mnaotunza seva zenye orodha kubwa, nyinyi mnajuaje ujumbe umesomwa, sio umepokewa, umesomwa na mtu? Ofisini tumejaribu kudai kila duka lijibu, na wiki hii waliojibu ni 1,168. Nimehesabu mara mbili. Hao 144 waliobaki sijui niwafanye nini, na Jumatatu kuna mzigo mpya unatoka. Mwenye njia aiandike hapa chini, nasoma kila jibu.