Mwezi wa Kuwacheka Ndege

Nakumbuka siku moja ya Jumamosi, mwezi wa tisa, mwaka 2011, uani kwetu Turffontein, huku kusini tulikohamia. Waliokuwepo nawataja, maana habari isiyo na majina ni uvumi. Nilikuwepo mimi, Riziki, binti wa kwanza wa Mzee Lubunga. Alikuwepo mdogo wangu Mapendo, wa baba mmoja mama mmoja, aliyekuja kwa taksi kutoka Malvern. Alikuwepo Mma Tshepo, jirani yetu Mtswana ambaye tunagawana naye ukuta. Na Gloria, mjukuu wangu, binti wa mwanangu Safari, wakati ule ana miaka kumi na mmoja. Wanne tu. Wa tano alipaswa kuwa mgongoni mwa Mapendo, mjukuu wake mchanga, lakini hakuwepo.

Mwanangu, nikueleze kwa nini hakuwepo. Sifa, binti wa Mapendo, anasuka nywele Rosettenville. Alipojifungua alimwomba mama yake amshikie mtoto arudi kazini. Mapendo akakataa. Akacheka, akasema, "Mimi? Nani amwachie Kausingizi mtoto?" Basi Sifa akawa anakwenda na mtoto saluni, katikati ya harufu ya dawa za nywele, na mtoto akaanza kukohoa. Kausingizi ndilo jina Mapendo alilopewa nyumbani tangu ana miaka saba. Hata watoto wake wanne aliwalea kwa kujifinya mapaja, asije akasinzia likawafika jambo. Na mimi, niliyeijua asili ya jina lile kuliko yeye, nilikuwa namtazama tu.

Siku hiyo tulikuwa tunamenya karanga. Gloria alikuwa amepewa shuleni kazi ya kumuuliza mzee majina ya miezi kwa lugha yake, na sababu ya kila jina. Alianza na sisi.

"Sisi, mama?" Mapendo akamjibu. "Sisi ni mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, mwezi wa tatu, kama watoto wa shule kwenye mstari. Andika hivyo, umemaliza."

Gloria akamtafsiria Mma Tshepo. Yule mama akacheka mpaka karanga zikamwanguka. "Eish! Ninyi mnaihesabu tu? Kwetu mwezi unaitwa kwa kile unachomfanyia mkulima."

Akaanza kuitaja, Gloria akitafsiri huku anaandika. Mwezi wa sita ni Seetebosigo, yaani usitembee usiku, baridi itakuua. Mwezi wa nane ni Phatwe, ardhi imekauka, inapasuka. Wa kumi na mbili ni Sedimonthole. Mtu amelima na kupalilia hadi anaomba atuliwe mzigo. Na wa tano, akasema, ndio mwezi alioupenda tangu utoto wake huko kijijini upande wa Zeerust. Motsheganong, mwezi wa kuwacheka ndege.

"Kuwacheka kwa nini?" Gloria akauliza.

"Mtama umekomaa, punje ni ngumu kama kokoto. Ndege anadonoa, mdomo unamuuma. Sisi watoto tuliokuwa tunawafukuza tangu alfajiri, siku hiyo tunakaa chini tunamcheka. Haya, kula basi! Kula, mjomba!"

Mapendo akapiga makofi. "Ningezaliwa huko! Mimi ndege ndio walionicheka." Akaanza kusimulia, kwa kichekesho, kama alivyosimulia miaka yote. Kwamba kwetu, bonde la Ruzizi, aliwekwa juu ya dungu la kuamia ndege, akalala, ndege wakashuka kama mvua, wakala mtama wa baba, na mwaka ule nyumba nzima tukala mihogo. "Ndipo baba akaniita Kausingizi. Andika na hilo, lina sababu yake."

Gloria aliacha kalamu. "Ulilala kweli, Bibi Mdogo?"

"Nililala, mwanangu. Muulize bibi yako, alikuwepo."

Wote wakanitazama mimi.

Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, mwanangu. Ilitoka Ruzizi ikavuka nchi tano, ikapita kambini kwa wakimbizi, ikanikuta pale uani na karanga mkononi. Ningeweza kusema ndiyo, tukacheka, tukaendelea. Nilikuwa nimeshalisema mara nyingi. Lakini yule mama Mtswana alikuwa ametoka kutaja majina yenye ukweli wa shamba, kila moja, na la mdogo wangu ndilo peke yake lililokuwa la uongo.

Nikasema, "Hakulala. Mimi sikuwepo."

Nikaeleza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, zamu ilikuwa yangu. Rafiki yangu Nabintu alikuwa ameletewa na kaka yake sabuni ya kunukia kutoka Bukavu, akaniita mtoni tukaoge. Nikampandisha Mapendo dunguni, nikampa debe na fimbo, nikamwambia asishuke. Mikono yake ilikuwa midogo, debe halikusikika mbali. Niliporudi, nanukia vizuri, baba alikuwa ameshafika na jembe begani, na masuke yamebaki makapi. Nikasema, "Nilikwenda kidogo tu haja, nikamkuta amelala." Mapendo alifungua mdomo, sauti haikutoka. Ilikuwa imekauka kwa kupiga kelele. Mtu aliyelala hakaukwi na sauti, mwanangu; baba hakuliona hilo, mimi nililiona. Akachapwa. Usiku nikamwambia, "Ulisinzia, hukumbuki tu." Nikamwambia na kesho yake. Mtoto wa miaka saba humwamini dada yake.

Gloria hakutafsiri neno. Nadhani Mma Tshepo alielewa kwa nyuso zetu.

Mapendo aliweka karanga chini. Halafu akasema polepole, "Dada, mimi nakumbuka nikikuita. Nilidhani niliota."

Akasimama, akakung'uta maganda ya karanga kwenye kitenge chake, akachukua mkoba, akatoka. Niliinuka nimfuate hadi kwenye robot, yaani taa za barabarani, pale wanaposimamisha taksi. Mma Tshepo akanishika mkono. Gloria alipomtafsiria yaliyosemwa, alinikemea, kwa upole lakini alinikemea: "Umembebesha miaka hamsini. Leo unataka akusamehe kabla taksi haijafika? Kaa chini. Sasa zamu ya kungoja ni yako."

Nikakaa. Siku kumi na moja simu yangu hakuipokea. Siku ya kumi na mbili nilipanda taksi mbili hadi Malvern, nimebeba kuku niliyekwisha kumpika. Mlango ulikuwa wazi. Sifa hakuwepo, alikuwa kazini. Na juu ya mkeka alikuwa Mapendo, ubavu chini, mtoto wa Sifa kifuani pake, mkono wake umemzunguka. Wamelala wote wawili. Mapendo anakoroma, mdomo wazi, mchana kweupe.

Niliweka sufuria chini taratibu, nikakaa mlangoni, nikawafukuzia nzi kwa upindo wa kitenge hadi mtoto alipoamka.

Sasa sikia, mwanangu. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyemwaga anaweza kukiri kuwa ndiye aliyemwaga. Usimpe mwenzako jina la kosa lako. Jina dogo la utani huingia mwilini kama mwiba, mtu akajifunza kutembea nalo, na wewe ukadhani ndivyo alivyoumbwa. Kama umelitoa, lirudishe ungali hai naye yu hai, mbele ya wale wale uliocheka nao. Na ukishakiri, usidai msamaha siku hiyo hiyo. Ngoja, hata kama kungoja kunauma.

Mungu akupe ulimi usiomtwika mtu kosa lako, na ndugu wa kukusubiri ukichelewa. Mtama wako ukomae, ndege waudonoe waumie. Ulale usingizi usio na hofu.

Majina ya miezi nimeyaandika kama Gloria alivyonisomea. Mtswana atakayesoma, kama nimekosea anisahihishe. Na yeyote wa Ruzizi aliyekuwepo mwaka ule wa mihogo, kama anakumbuka vingine, naye aseme. Mapendo ameshasema kwamba debe halikuwa debe, lilikuwa sufuria iliyotoboka.