Hester Garrod na Kengele ya Tatu

Kanisa letu la Thornwell lina kengele sita, na mimi hupiga ile kubwa kuliko zote. Niseme ukweli mapema: kazi yangu haihitaji akili. Zile tano nyingine hubadilishana nafasi kila mzunguko, ya pili ikawa ya tatu, ya tatu ikawa ya nne, lakini yangu hulia mwisho siku zote. Navuta kamba, nasubiri, navuta tena. Nilipeleka barua kwa baiskeli miaka arobaini, na nilipostaafu, kichwa nacho kilistaafu.

Hester Garrod alikataa kustaafu hivyo. Alikuwa mpishi wa shule, mjane, jirani yangu. Alipokuwa na miaka sabini na miwili aliisahau jikoni sufuria ya jamu ya plamu mpaka moshi ukatokea dirishani. Sufuria si kitu, lakini mama yake alianza vilevile, na miaka mitatu baadaye akawa anamwuliza Hester yeye ni mtoto wa nani. Siku ile ya jamu Hester alikuja kwangu mbio, mwiko bado mkononi.

Daktari alimpima, hakuona ugonjwa wa usahaulifu. Alimwambia hakuna wa kumhakikishia kwamba hautakuja, ila yapo mambo ya kuupunguzia nafasi: atembee kila siku, presha yake iangaliwe, alale vya kutosha, asijifungie ndani peke yake, avae vifaa vya kumsaidia kusikia, na ajifunze jambo jipya, tena gumu. Mimi ningechagua kulala, basi. Hester aliyabeba karibu yote, tena kwa pupa.

Jambo gumu alilipata mnarani, maana tulikuwa tumepungukiwa mpigaji wa kengele ya tatu. Sheria yetu haina huruma: ukishika kamba, huruhusiwi karatasi wala maandishi yoyote. Njia nzima ya kengele yako unaibeba kichwani. Kiongozi wetu, Desmond Kerridge, fundi bomba mwenye miaka hamsini na minane, alinuna waziwazi. Alisema kazi hii mtu huianza akiwa na miaka kumi na miwili, si sabini na miwili.

Hester akachora njia yake kwa penseli nyekundu, akaibandika jikoni, bafuni, hata ndani ya mlango wa kabati. Kila asubuhi alitembea maili tatu kando ya mashamba ya shayiri akitaja nafasi kwa sauti: ya pili, ya tatu, ya nne, ya nne, ya tatu. Kijiji kikaamini ugonjwa wa mama yake umeshamfika. Mama mmoja alinipigia simu niende nikamrudishe nyumbani. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Kilichomshinda ni vile vifaa vya masikio. Alikuwa navyo, lakini vilikaa kwenye droo. Alisema vinamzeesha.

Mwaka wa pili tukajaribu naye mpigo mrefu: mizunguko elfu moja mia mbili na sitini, dakika arobaini na tano bila kusimama. Mara kwa mara kiongozi hutoa amri kwa sauti, na njia za kengele hubadilika papo hapo. Mara ya kwanza Desmond alitoa amri, Hester akaendelea kana kwamba hakuna aliyesema kitu, na kengele zikagongana ovyo. Mara ya pili hivyohivyo. Desmond akasema tutajaribu mara moja tu tena, kisha kamba ataishika mwingine.

Tulipokuwa tukishuka ngazi Hester alinishika mkono.

"Cyril, kamba hainitishi. Kinachonitisha, sijui kama sikuisikia ile amri, au niliisikia nikaisahau."

Nilikasirika. "Basi si uvae hivyo vidude, ujue!"

"Na nikishajua, je?"

Niliona aibu hata kwa ile hasira yangu.

Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, alikuja amebana nywele nyuma, vifaa vinaonekana kwenye masikio yote mawili. Tukashika kamba, tukaanza.

Amri ya kwanza ilipotoka, nilikodolea macho kamba yake. Hester akabadili njia, safi kabisa. Ya pili, safi. Ya kumi, safi! Dakika ya thelathini jasho lilikuwa linanichuruzika, nami nafanya kazi ya kipumbavu. Yeye alikuwa anatabasamu.

Dakika ya arobaini, kengele mbili zikalia pamoja. Nikajua yameisha. Nikamtazama Hester kwa huruma, kumbe aliyepauka ni Desmond. Alikuwa ametoa amri, kisha akapoteza njia yake mwenyewe. Kengele zikaanza kukanyagana, na mnarani hakuna aliyethubutu kufungua mdomo, maana anayesahihisha watu ni kiongozi.

"Desmond," Hester alisema, taratibu, bila kuacha kuvuta, "unanifuata mimi. Nipishe, halafu utangulie. Sasa."

Desmond akatii. Mizunguko miwili tu, kengele zikanyooka. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha, na nisingekuwa na kamba mkononi ningecheza. Tulimaliza, zote sita zikilia kwa mpangilio wake, ndogo hadi kubwa, na Desmond akasema tusimame.

Alifunga kamba yake, akamwendea Hester.

"Nilipotea, mama. Ningeharibu yote."

"Nilikusikia ukipotea," alisema Hester.

Akakaa kwenye benchi, viganja vimechubuka, machozi yanamtiririka na bado anacheka. Nikakaa kando yake. Akanikumbusha kwamba daktari hakumwahidi chochote, na huenda siku moja atasahau hata jina langu. Halafu akagusa sikio lake.

"Lakini nilikuwa sisikii, Cyril. Miezi yote hii nalia usiku, kumbe nilikuwa sisikii tu."