Mistari Thelathini ya Marashi ya Mama

Ilianza Jumamosi, siku ambayo kwetu Kolwezi tunaiita posho, saa tisa na robo alasiri. Tata, baba yetu, alikuwa bado mgodini. Mdogo wangu wa miaka minne alikuwa amelala. Tantine, mdogo wake Mama, alikuwa uani anafua, na mkoba wake wa zahanati ulikuwa juu ya kiti. Nikatoa ndani yake sindano ya kioo, ile yenye mistari ya kupimia dawa.

Mama alikuwa Kisenge tangu mwezi wa nane, anamuuguza nkambo, mama yake mzazi. Alisema atarudi Noeli. Juu ya kabati aliacha chupa yake ya marashi yenye kizibo cha kioo, na ndani yake kulibaki kidogo tu. Mdogo wangu akilia jioni, "Mi nataka Mama," nilimpaka shingoni, naye alinyamaza. Hivyo ndivyo nilivyowaambia watu. Ukweli ni kwamba nilikuwa najipaka mimi kwanza, mlango umefungwa, halafu ndipo namwita yeye. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Ningemwambia nani?

Kwenye kalenda zilibaki siku themanini na mbili. Nilitaka kujua kama marashi yatafika.

Nilivuta yote kwa sindano: mistari thelathini. Nikatandaza kitandani kikwembe, kitenge cha zamani cha Mama, nikaanza kupaka juu yake kama tulivyofundishwa darasa la kemia, njia moja baada ya nyingine, na kila mara nasuuza sindano kwa maji yaliyochemshwa na kuikausha, jinsi Tantine anavyofanya kazini. Kwa kidole, mara kumi: mistari minne ilikwenda. Kwa pamba, mara tano tu: mitano. Pamba inakunywa yenyewe, ngozi inapata masalio. Kwa chupa tupu ya kupuliza aliyonipa Tantine, mara tano: mitano tena, na nusu yake niliiona ikipotea hewani. Mwisho nikajaribu kizibo, kugusa tu. Mara kumi, mstari mmoja.

Nikakitazama kile kizibo. Kugusa kwa kizibo ndivyo Mama alivyofanya kila Jumapili, nyuma ya sikio hili, nyuma ya lile, basi. Na mimi nilikuwa nadhani ni maringo.

Ilibaki mistari kumi na mitano. Kwa mtu mmoja ilitosha na kubaki. Kwa wawili ingekwisha wiki moja kabla ya Noeli. Niliandika hesabu ya wawili kwenye daftari, nikaifuta, nikaiandika tena.

Halafu nikataka kuhakikisha. Nikavuta marashi yote tena kwa sindano, ambayo nilikuwa nimetoka kuisuuza bila kuikausha. Mbele ya macho yangu yakageuka meupe, kama maji tuliyolowekea muhogo.

Tantine akaingia na mikono ya sabuni. "Weye! Sindano yangu inafanya nini huku?"

Nikayarudisha marashi kwenye chupa. Akachukua chupa, akaielekeza dirishani.

"Umetia maji? Ile ni alcool, mutoto! Sitwayeni munganga, raia daktari wetu, umebatiza malashi ya mama yako!" Akacheka mpaka akaegemea mlango. Halafu akaniona usoni, akaacha. "Basi, basi. Itanukia tu. Kidogo."

Wakati ule ule tukasikia baiskeli ya Tata. Alifika mlangoni, akasimama. Akavua kofia yake ya kazi. Nyumba nzima ilikuwa inanukia, maana karibu mistari yote kumi na mitano niliyojaribia ilikuwa imeingia kwenye kile kikwembe.

"Amerudia nyumbani?" akauliza. Hakumuuliza mtu yeyote. Alikuwa anatazama pazia la chumbani, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye sikumjua, kijana kabisa.

"Hapana, Tata," nikasema. "Ni mimi."

Akatikisa kichwa taratibu. Akaenda uani kunawa, akanawa muda mrefu. Tantine hakufanya mzaha tena.

Nilikuwa nadhani katika nyumba ile ni watu wawili tu wanaohitaji ile chupa.

Asubuhi yake, kabla ya misa, niliandika barua. Barua zetu kwa Mama zilisema daima kwamba sote ni wazima na mdogo anakulilia. Safari hii niliandika: Mama, anayekulilia ni mimi. Tata pia, lakini usimwambie nimesema. Marashi yako nimeyaharibu. Nikagusa pembe ya karatasi kwa kizibo, mara moja, nikaikunja. Nikatembea mpaka stesheni, nikaitia mkononi mwa mama mmoja wa kanisa letu aliyekuwa anapanda treni ya Kisenge. Akaipitisha puani, akanitazama, akaiweka kifuani chini ya blauzi.

"Nitamupa mwenyewe," akasema.