Waya Wenye Sura Yake

Enzi zetu huko Ikutha, mtu hakuingia chumba cha kompyuta na viatu. Ulivua mlangoni, ukapangusa nyayo kwenye gunia lililoloweshwa maji, ndipo ukaingia kwa unyenyekevu kama mtu aliyechelewa kanisani. Vijana wa leo wakisikia hayo hucheka mpaka wakashika mbavu. Wacheke tu. Hawakula muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, mchana na usiku, hawakusokota kamba za makonge, wala hawakusoma kwa taa za jenereta iliyokohoa kama mzee mwenye pumu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa moja, shule nzima ya wasichana. Mchungaji wetu aliileta kwa pikapu kutoka Nairobi, zawadi ya waumini wa huko, imefungwa kwa blanketi kama mtoto mchanga. Fundi aliyekuja naye aliunganisha waya zote, akabonyeza, na kioo kikawaka. Herufi zilitokea zenyewe gizani, nyeupe, bila chaki wala mkono wa mtu! Lakini kabla ya kuondoka, Mchungaji alituacha na neno.

"Siku ya wazazi nitakuja kuiona ikifanya kazi," alisema. "Ikikataa, naipeleka Sultan Hamud kwa shule iko na stima, si jenereta. Hapa itakuwa meza ya kuwekea maua."

Sisi tuliokwisha kuona kile kioo kikiwaka tulikosa raha. Tungeishije tena na ubao mtupu?

Sasa, Ukambani mgeni akija, kila kitu lazima kisuguliwe. Mwalimu mkuu aliamuru usafi, na usafi ukafanywa. Madirisha yalisuguliwa, mawe ya njiani yakapakwa chokaa, na waya zote za kompyuta zikachomolewa, zikapanguswa vumbi jekundu, zikaviringwa vizuri kama kamba za kupeleka sokoni. Zilipendeza kweli. Hakuna aliyejiuliza ni upi ulitoka wapi.

Siku ikafika. Mlangoni kulijaa akala za wazee, malapa ya kina mama na viatu vyeusi vya Mchungaji vinavyong'aa. Baba yangu, mfugaji wa mbuzi ambaye hakuwahi kukanyaga darasa, aliketi mbele, kofia magotini. Mimi nilikuwa nimechaguliwa kupiga chapa jina la shule mbele ya watu.

Mwalimu Musembi, aliyetufundisha hesabu, alipiga magoti nyuma ya sanduku. Waya za umeme ziliingia bila taabu. Ukabaki ule mnene, wa kupeleka picha kwenye kioo. Mwalimu alihesabu vipini vyake: kumi na tano. Akatafuta tundu huko nyuma, akalipata moja pana, akahesabu vishimo vyake: kumi na tano. Akatabasamu, akasukuma. Waya ukakataa. Akaugeuza, akasukuma tena, jasho likimtiririka shingoni.

"Hesabu ni ile ile," alinung'unika. "Sasa mbona haingii?"

Jenereta ilikohoa. Mchungaji aliangalia saa yake, akamwambia dereva wake alete lile blanketi.

Nikamtazama Baba. Kwetu mifugo haihesabiwi, ni mwiko, ukiihesabu unaita hasara. Jioni Baba alisimama kwenye lango la boma akawatazama mbuzi usoni wakiingia, na akajua mara moja ni nani hajarudi. "Kidole kinaona idadi," alizoea kutuambia, "hakioni mbuzi."

"Mwalimu," nilisema, "wacha kuhesabu. Tuangalie sura yake."

Mwalimu angeweza kunifukuza, maana enzi zetu mwanafunzi hakumwelekeza mwalimu. Lakini na yeye alikuwa mtoto wa boma. Akakigeuzia dirishani kichwa cha waya, tukakichungulia pamoja. Vipini vilijipanga safu tatu, na mdomo wake ulikuwa mpana juu, mwembamba chini. Lile tundu pana lilikuwa na safu mbili tu! Tukatafuta sura ile ile kule nyuma, na tukaiona pembeni, tundu dogo tulilolidharau tangu mwanzo. Waya ukaingia taratibu bila kulazimishwa. Mwalimu akakaza skrubu zake mbili kwa vidole.

Kioo kikalia tik, harufu ya vumbi la moto ikapanda, na herufi zikatokea.

"Aiya!" walisema kina mama kwa pamoja. Nilipopiga chapa jina la shule, herufi moja moja, Baba aliinuka bila kuambiwa na mtu, akasimama wima, kofia kifuani, kama anavyosimama mazikoni na arusini. Mchungaji akachukua blanketi lake, akalikunja, akaliweka juu ya meza yetu. "Mtalihitaji kwa vumbi," alisema.

Siku hizi binti yangu, huko mjini Wote, anarusha picha kutoka simu hadi ukutani, waya hakuna. Ikichelewa kidogo tu, anasonya. Namwonea fahari, na namwonea huruma pia. Ana vioo vitatu nyumba nzima, na sijamwona hata siku moja akivua viatu.