Fomu Niliyomjazia Raya

Siku yangu ya kwanza ya ushauri wa kazi, katika skuli moja ya Shumba, Mwalimu Mkuu alinikabidhi bunda la fomu za machaguo, yaani karatasi ambazo mwanafunzi huandika masomo na kazi aitakayo mbele. "Zirudi Alkhamisi, zimejaa," akasema. Hayo ndiyo mafunzo niliyopewa.

Mie nilikuwa mwalimu wa jiografia, na kazi hiyo nilipewa kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Utaratibu wetu ulikuwa mwepesi: mwenye alama nzuri, udaktari; wa kati, ualimu; waliobaki tuliwaambia Mungu atawajaalia. Sikuchelewesha fomu hata mara moja, na Ofisa Elimu wa Wilaya akanisifu mbele ya wenzangu. Nilivimba kichwa, sifichi.

Nilipohamishiwa Tumbe nikamkuta Raya, msichana wa kidato cha nne aliyekuwa akishinda bandani kwa mjomba wake, fundi wa mashine za boti. Alama zake zilikuwa za kati. Nikamweleza uzuri wa ualimu: mshahara wa serikali, likizo, pensheni. Akainamisha macho.

"Upendavyo wewe, mwalimu," akasema.

Kwetu mtoto mwenye adabu hampingi mwalimu wake, na mie niliyelelewa hivyo hivyo nilipaswa kulijua hilo. Nikaandika ualimu, kwa mkono wangu.

Miaka mingi baadaye nikapelekwa Chake, kwenye ofisi inayowashauri hata watu wazima. Mratibu wetu, binti mdogo kuliko wanangu, ndiye aliyenifundisha kazi. Alinikataza kumtajia mtu kazi yoyote kabla hajaeleza mwenyewe siku zake anazipitishaje. Na mtu akikujibu kwa adabu tu, alisema, muulize tena faraghani, wazazi wasiwepo. Nilinuna wiki nzima, kisha nikakubali.

Hapo ndipo Raya alipokuja. Ualimu ulikuwa umemchosha, alitaka kuingia chuo cha ufundi wa mashine, na fomu yao ilihitaji saini ya mshauri. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile.

"Ningekwambiaje, mwalimu? Ulikuwa umeshashika kalamu."

Nikatia saini, nikaandika na barua, nikampigia simu mkuu wa chuo. Akanijibu kwa upole kwamba umri wa kujiunga umeshampita, kwa mwaka mmoja tu. Nilimwomba sana. Haikufaa kitu.

Sasa nimestaafu. Wanaoishika kazi hii leo wana vitabu na kompyuta, na ni vyema. Lakini wasipompa mtu nafasi ya kusema hapana, watajaza fomu kama mie. Raya bado anafundisha, na wanasema ni mwalimu hodari. Nikikutana naye sokoni hunipokea kikapu, huniamkia kwa heshima zote, wala hajanilaumu hata siku moja. Natamani angenilaumu.