Barua Niliyoisoma Isivyoandikwa

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, ilikuwa Alhamisi ya baridi huko Westerville, kaskazini mwa Columbus. Nilikuwa nimesimama jikoni kwa Bi Eleanor, nikipasha supu ambayo tayari ilikuwa ya moto. Nakuita mwanangu ingawa sijakuzidi miaka mingi. Mimi ni kifungua mimba, na kwetu kifungua mimba huitwa mzee kabla hajaota ndevu.

Jumamosi ya wiki ile baba yangu alitarajiwa kuja kutoka Louisville kuiona benki ninayofanyia kazi. Benki hiyo haikuwepo. Nilikuwa na digrii ya biashara, nikaomba kila mahali, nikakataliwa kila mahali, mwisho nikapata kazi ya kumtunza Bi Eleanor, mama wa miaka tisini ambaye macho yalikuwa yamemwishia nguvu. Nilimpikia, nilimfulia, na mchana nilimsomea barua za marehemu baba yake. Huyo ndiye aliyekuwa mtu wa benki. Katika miaka ya kati ya vile vita vikuu viwili alifanya kazi Basel, Berlin na London, mkewe na watoto wamebaki Buffalo.

Basi baba aliponiuliza kwa simu nafanya kazi gani, nilijibu, "Nashughulikia barua za benki ya kimataifa." Nililifikiria jibu hilo wiki nzima. Nikaona ni uongo. Kisha nikaona si uongo sana. Kabla sijaamua, baba alikuwa ameshatangaza kanisani kwetu Okolona, mtaani kwao Louisville, na watu wakapiga makofi.

Alhamisi ile nilifungua bahasha ambayo hatukuwahi kuisoma. Mtu wa benki alimwandikia mkewe: "Wameniruhusu kurudi nyumbani, nimekataa. Hapa nikiingia mkutanoni watu hunyamaza wanisikilize. Huko sijui niseme nini na watoto."

Ndiyo maana nikakimbilia supu. Sisi watu wa Kivu habari mbaya hatumpi mtu mwenye njaa. Babu yangu alipofariki, mama aliambiwa tu kwamba mzee anaumwa kidogo, akapewa ugali, akangojewa amalize, ndipo wazee wakavuta viti. Mpaka leo mtu wa kwetu akiniuliza kama nimekula, moyo hunipasuka. Lakini nilipita hata desturi yenyewe. Bi Eleanor alipomaliza supu, sikumwambia. Nilishika ile karatasi nikasoma maneno yangu mwenyewe.

"Nakuja kabla ya theluji," nikasoma. "Mwambie Eleanor nimemnunulia mwanasesere."

Aliweka kijiko mezani.

"Baraka," akasema, "baba yangu hakujua kama nina mwanasesere au nina farasi. Sasa soma kilichoandikwa."

"Bibi, mwandiko wake ni mgumu."

"Mwandiko wake ni kama wa mashine. Mama alitusomea barua hiyo mezani nikiwa na miaka tisa. Nataka tu kuisikia tena."

Nikaisoma.

"Zile nyingine zote zina mvua na treni zilizochelewa," akasema. "Hii ndiyo pekee ambayo yeye mwenyewe yumo. Nilimchukia miaka mingi kwa sababu yake. Lakini nilimchukia yeye, si mtu uliyemtunga wewe. Aliporudi vita vya pili vilipoanza, nilijua ni nani anayeingia mlangoni. Hakujua hata chumvi inakaa wapi. Tulianzia hapo, kwenye chumvi."

Nilingoja anifukuze kazi. Akaomba chai.

Sikuelewa, na sidhani kama nimeelewa yote hata leo. Nilidhani nimemhurumia, kumbe nilikuwa nimemnyang'anya kitu. Nikatoka kwenye baraza, vidole vikiwa baridi, nikampigia baba.

"Baba, umekula?"

Halafu akauliza polepole, "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Baba, mimi siko benki. Namtunza bibi mmoja mzee. Nampikia, namsomea barua."

Nilisikia akivuta pumzi. "Donc hautumikake ku benki."

"Hapana, baba, sifanyi kazi benki."

"Na huyo bibi, anakulaka vizuri?"

"Anakula."

"Bon, sawa." Nikahesabu magari matatu yakipita. "Na weye, papa, umekula?"

Kwetu baba humwita mwanawe papa anapombembeleza. Nikakaa kwenye ngazi, juu ya barafu. Baba akaniambia kwamba mgongo wake umekataa tangu mwezi wa tisa, kwamba hafanyi kazi tena katika ghala lililomwajiri, na kwamba kila asubuhi alivaa viatu vya kazi ili wadogo zangu wasijue. Alitaka kuiona benki, akasema, ili ajue kuna mmoja wetu aliyesimama imara.

Jumamosi alikuja vilevile. Bi Eleanor alimkaribisha mezani, na baba alipotafuta chumvi, nikamwonyesha ilipo.

Nikiwaza sana, na mimi nawaza sana, bado siwezi kukuambia upole unaishia wapi na uongo unaanzia wapi. Lakini hili nakuambia, mwanangu. Usimtungie mzazi wako mtoto mwingine, hata kama huyo mwingine ni mzuri kukushinda. Atampenda huyo, na wewe utakuwa unasikiliza tu. Ile desturi yetu usiiache: mlishe kwanza, mngoje amalize. Ila akishamaliza, vuta kiti, useme.

Mungu asikukoseshe meza yenye chakula, na akupe mtu atakayebaki ameketi sahani zikishaondolewa.