Karatasi za Shamba Kifuani mwa Mama

Mama yangu alirudi kwao kutoka ukimbizini Tanzania na vitu viwili vya maana: mimi, na karatasi za shamba la baba yake. Mimi nilibebeshwa sufuria. Karatasi alizibeba mwenyewe ndani ya mfuko wa nailoni, zimebanwa kwa pini kwenye sidiria, upande wa kushoto. Alikimbia nazo vita, na kambini zikakaa hapo. Tulipofika Muyinga tukakuta watu wamelilima shamba mpaka mlangoni, kesi ikaanza, basi zikaendelea kukaa hapo. Hata Yesu angerudi siku ile, angeombwa asubiri pini ifunguliwe.

Kwetu kusalimiana ni kukumbatiana, na Mama akikukumbatia, maharage yanaiva jikoni hajakuachia. Kila mara nilihisi ule ugumu wa kushoto.

"Shamba limenigonga," nilikuwa nikimwambia, naye anacheka.

Baadaye niliolewa Gitega, tukapanga mtaa wa Nyamugari. Mchana nilishona nguo, jioni nilisoma shule ya watu wazima mpaka nikapata cheti. Nilikionyesha kwa mtaa mzima na mbuzi wawili. Muuguzi mmoja alikuja darasani kutufundisha kujipima matiti, nami nikajiona daktari bingwa. Nikawakusanya wanawake wa makamo chumbani kwangu, mlango umefungwa. Nikawaambia: simama mbele ya kioo, tazama kama ngozi imebonyea au chuchu imeingia ndani. Kisha lala, inua mkono, pitisha vidole vitatu bapa, polepole, mpaka kwapani. Aliyekoma kuona siku zake achague tarehe moja ya kila mwezi. Na uvimbe usiouma nao upelekwe kwa daktari.

"We, hii yangu iko imeshakauka," akasema jirani yangu muuza vitenge, bibi wa wajukuu tisa. "Utatafuta nini ndani?"

"Iliyokauka ndiyo ya kupimwa zaidi, bibi. Umri ukienda, hatari inaongezeka."

"Basi nipime wewe. Mi nafunga macho."

Tulicheka mpaka bati likataka kung'oka. Nilikuwa nimeshafundisha nusu ya Gitega ndipo nikamkumbuka mama yangu mwenyewe.

Nilikwenda Muyinga wakati wa kuvuna maharage. Akanikumbatia uani. Ule ugumu ukanigusa pale pale pa siku zote.

"Shamba bado linagonga, Mama."

"Shamba lipi? Kesi iliisha, wakatupa nusu. Karatasi ziko sandukuni tangu mvua za kwanza."

Nilibaki nimemshika. Kisha nikamwongoza ndani, nikamwomba anionyeshe.

Ndani alivua blauzi. Ngozi ilikuwa imevutika na kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, na chini yake kitu kigumu kisichosogea.

"Ni kovu la pini," akasema. "Imenisugua miaka mingi."

"Panauma?"

"Hapaumi. Pangeuma ningekwambia, mwanangu."

Hospitalini Gitega daktari alimpima mpaka kwapani, akampiga picha. Majibu alinipa mimi kwa Kifaransa, Mama akituangalia midomo. Ugonjwa ulikuwa umefika kwenye mifupa. Wangempunguzia maumivu. Niliuliza ingekuwaje kama tungekuja mapema. Akasema uvimbe ukiwa mdogo unakatwa, mtu anatibiwa, na wengine wanapona. Nilitamani nisingeuliza. Miaka yote ile nilikuwa nikimkumbatia, na sitajua kamwe ni siku gani ule ugumu uliacha kuwa wa karatasi tu.

Sasa analala kwangu Nyamugari. Wale wanawake huja kumwona. Muuza vitenge humkanda miguu, na chumbani kwangu hakuna anayeuliza tena kuhusu vidole vitatu. Juzi Mama aliagiza karatasi ziletwe kutoka Muyinga. Akanipa mfuko ule ule, na pini yake, akaelekeza kidole kifuani kwangu.

"Ziweke pazuri."

Nikaziweka chini ya mto wake.

"Hapo zitaibiwa," akasema.

Labda kweli, lakini kifuani sikuziweka. Tarehe yangu ya mwezi ikifika najifungia, nainua mkono, napitisha vidole. Sikuti kitu. Navaa blauzi yangu, natoka kwenda kumgeuza Mama ubavu wa pili.